Kuvua straipa kwa nzi kwenye mafungu ya maji machache: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na watu wengi: ndugu wa Lowell na Worcester, jamaa wa Portland kule Maine, vijana waliokulia Kigoma na Bujumbura ambao ziwa wanalijua vizuri lakini maji ya kupwa na kujaa ndiyo kwanza wanayaona. Mimi ni mzaliwa wa Jambiani, Unguja, na huu ni mwaka wa kumi na nne nipo Massachusetts. Ninaposema mafungu nina maana ya uwanda wa mchanga ambao maji yakijaa unafunikwa, yakikupwa unabaki wazi. Aliyekua pwani anaujua uwanda huo kwa nyayo zake.

Kuvua kwa nzi ni kuvua vipi?

Nzi si mdudu wa kweli. Ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na kisamaki, kamba au kaa. Kwenye uvuvi wa mshipi tuliouzoea, chubwi ndiyo inayouvuta mshipi kwenda mbali. Huku nzi ni mwepesi kama unyoya, kwa hiyo mshipi wenyewe ndio uliotengenezwa mnene na mzito. Unaurusha nyuma, unausubiri unyooke, kisha unaurusha mbele nao unambeba nzi. Kazi iko kwenye kule kusubiri. Wengi wanaoshindwa wana nguvu za kutosha. Wanaurudisha mbele kabla haujanyooka, basi.

Straipa ni samaki gani?

Kwa Kiingereza huitwa striped bass, na jina lake la kitaalamu ni Morone saxatilis. Mgongo una rangi ya kijani iliyokoza, tumbo jeupe, na ubavuni ana milia saba au minane myeusi, imenyooka toka shavuni hadi mkiani. Makao yake ya asili ni pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, toka mto St. Lawrence wa Canada hadi mto St. Johns wa Florida. Anazaliwa mtoni, kwenye maji yasiyo na chumvi. Walio wengi wanatoka kwenye mito inayomwagika kwenye ghuba ya Chesapeake, wengine mito ya Hudson na Delaware. Wakishakua hutoka kwenda baharini, na baridi ikiondoka hupanda kaskazini kufuata chakula, kisha hurudi kusini majani yakianza kupukutika. Jike ndiye mkubwa, na anaweza kuishi miaka 30. Aliyeweka rekodi ya dunia alivuliwa Connecticut mwaka 2011, akiwa na ratili 81 na aunsi 14, yaani kama kilo 37. Kwenye mafungu utakutana zaidi na wa kilo mbili hadi saba, na kwenye maji ya magotini huyo ni samaki wa kukutoa jasho.

Kwa nini samaki mkubwa hivyo aje maji ya magotini?

Anafuata chakula. Mchangani mle mna kaa, kamba wadogo, na visamaki vyembamba kama penseli vinavyojizika mchangani na kuchomoka ghafla. Ndivyo chakula chake kikuu huku Cape Cod, rasi ya Massachusetts iliyoingia baharini. Maji yakianza kujaa yanamfungulia mlango: anatoka mferejini, anapanda fungu, anakula kwa saa chache, na yakianza kukupwa anarudi kwenye kina. Pweza naye ana ratiba yake na mwamba, na mama zetu wanaochokoa pweza wanaijua bila kutazama saa.

Niende miezi gani?

Massachusetts wanaanza kuonekana mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, wadogo kwanza. Kwa mafungu, mimi huchagua katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Julai. Agosti maji yana joto, na wakubwa hukaa kwenye kina mchana kutwa. Septemba wanarudi tena, lakini hapo wana haraka ya safari.

Maji yepi ni mazuri, ya kujaa au ya kukupwa?

Hili ndilo swali lenyewe, na ningependa watu waniulize hili kabla ya bei ya ufito, yaani fimbo ya kuvulia.

Kwa mtu anayetaka kumwona samaki kwa macho kabla ya kumtupia, nenda maji yakiwa yamekupwa kabisa, tembea mpaka ukingo wa mbali, simama hapo na uyasubiri yajae. Saa mbili au tatu za mwanzo wa kujaa ndizo zenye baraka. Samaki anapanda na maji mapya, ana njaa, na maji bado ni safi na machache kiasi cha kukuonyesha kivuli chake. Na wewe unarudi nyuma taratibu kuelekea nchi kavu pamoja na maji. Maji ya kukupwa yanafaa pia, hasa ukisimama kwenye mdomo wa mfereji pale fungu linapomwaga maji yake, maana visamaki vyote vinapita hapo. Ila hapo unavua mkondo zaidi kuliko kuvua kwa macho.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa pwani yetu linamchanganya. Kwetu Unguja, bamvua (siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida) likiwa limekamilika, maji hukupwa kama saa nne asubuhi, ndiyo maana kina mama wa mwani hushuka pwani muda ule. Upande wa ghuba ya Cape Cod siyo hivyo. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji makuu huja karibu na adhuhuri, na kukupwa ni karibu saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Jua bado liko chini, linaangaza juu ya maji kama bati, huoni kitu. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo mimi huhesabu siku mbili hadi nne baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama. Siku hizo maji yanakupwa kati ya saa mbili na saa nne, yanajaa jua likiwa linapanda kichwani, na bado yana nguvu ya bamvua. Siku za maji mafu, yanapojaa na kukupwa kidogo, ninakwenda pia, ila samaki hawapandi kwa wingi ule.

Tofauti ya maji kujaa na kukupwa kwenye ghuba ile ni kama mita tatu, karibu sawa na kwetu. Ukivuka upande wa kusini wa Cape Cod, Nantucket Sound, tofauti hupungua sana na saa hubadilika. Usitumie jedwali la Boston kila mahali.

Mahali gani hasa?

Brewster, kwenye ghuba ya Cape Cod. Maji yakikupwa unaweza kutembea zaidi ya kilomita moja na nusu toka ufukweni na bado hujafika ukingoni. Siku ya kwanza nilipouona uwanda ule nilivua viatu bila kufikiri. Mchanga una mikunjo ile ile ya Jambiani, isipokuwa ni baridi. Barnstable pana mafungu mazuri. Kusini ya Chatham kuna Monomoy, hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1944. Maji yake ni meupe sana, na wengi hufika kwa boti.

Kwa watu wa Lowell, tazameni mto unaopita mjini kwenu. Merrimack unamwagika Newburyport, na pale ndani ya mdomo kuna mafungu ya Joppa. Straipa hupanda mto huo huo hadi chini ya bwawa la Lawrence. Joppa ni matope kuliko mchanga, chagua njia yako na usiende peke yako. Mdomo wenyewe wa mto una mkondo mkali. Huo nauogopa, na siuvui kwa miguu.

Naruhusiwa kupita mbele ya nyumba za watu?

Massachusetts ina sheria ya tangu miaka ya 1640: mwenye nyumba ya ufukweni anaweza kumiliki mpaka pale maji yanapokupwa, lakini kila mtu ana haki ya kuvua samaki, kuwinda ndege na kupitisha chombo kwenye eneo hilo. Kwa hiyo ukiwa na ufito mkononi na unavua kweli, una haki ya kuwa pale. Huna haki ya kukatisha uani kwa mtu ili ufike. Pitia njia ya umma. Shida ya kweli ni maegesho: miji mingi ya Cape Cod wakati wa kiangazi huhifadhi maegesho ya ufukweni kwa wenye stika. Fika mapema, au tafuta maegesho ya kulipia.

Ukikuta vichanja vya chuma vyenye mifuko, hilo ni shamba la chaza la mtu. Zunguka. Kwetu hakuna anayekanyaga mwani wa mwenzake.

Kibali je?

Kila aliyefikisha miaka 16 anahitaji kibali cha kuvua baharini, mgeni na mwenyeji. Kinatolewa kwa intaneti. Waliofikisha miaka 60 hupewa bure, lakini lazima wawe nacho.

Ninunue vifaa gani?

Ufito wa futi tisa, namba 8 au 9. Namba hiyo ni uzito wa mshipi unaoubeba. Upepo wa Cape Cod kila siku unavuma mchana, kwa hiyo namba 9 haitakutupa. Mshipi uwe wa aina inayozama polepole, maana unaoelea unachezewa na mawimbi. Ingawa kwenye maji ya chini ya magoti unaoelea ni mzuri zaidi kwa nzi wa kaa. Mbele yake funga nailoni, au fluorokaboni, ya futi 9 hadi 12, yenye nguvu ya ratili 15 au 20. Rili, ile ya kukunjia mshipi, ichague isiyoliwa na chumvi.

Vitu viwili ambavyo watu huviacha ndivyo ambavyo mimi sitoki bila hivyo. Cha kwanza ni miwani ya kuondoa mng'aro wa maji, ya rangi ya kahawia au kaharabu. Bila hiyo unavua ukiwa kipofu. Cha pili ni kikapu cha kufunga kiunoni cha kuwekea mshipi unaouvuta, usije ukakokotwa na mkondo miguuni. Beseni dogo la plastiki lililotobolewa na kupitishwa mkanda linatosha kabisa.

Mwezi wa Mei na Juni vaa suruali ya mpira ya kuvukia maji na mkanda kiunoni. Julai kaptura inatosha. Ukirudi nyumbani osha kila kitu kwa maji ya bomba.

Nzi gani?

Ukiwa na mmoja tu, awe Clouser. Alibuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania mwaka 1987 kwa samaki wa mtoni, na sasa yuko kila bahari. Ninawafunga mwenyewe usiku wa baridi. Naibana ndoana ya 1/0 kwenye jiliwa, nafunga juu yake macho mawili ya risasi kama kengele ndogo, kisha manyoya meupe ya mkia wa paa upande mmoja, nyuzi tatu nne za kumetameta, na manyoya ya kijani hafifu juu yake. Uzito wa macho unaipindua ndoana, ncha inatazama juu, hivyo nzi anaruka mchangani bila kunasa. Siri ni uchache wa manyoya. Ukimwinua kwenye taa uone mwanga ukipita katikati yake. Mwanafunzi wangu mmoja alifunga wanene kama brashi ya kunyolea, na samaki waliwakwepa siku nzima.

Mwengine ni Deceiver wa Lefty Kreh, nzi ambaye mwaka 1991 alitiwa kwenye stempu ya posta ya Marekani. Wa tatu awe kaa, rangi ya mchanga, kwa siku ambazo samaki wanainamia chini.

Nawaonaje? Nimesimama saa mbili sioni kitu.

Unatazama maji. Tazama mchanga ulio chini ya maji. Jua liwe nyuma yako au ubavuni, na upepo usikuchagulie mahali pa kusimama. Jua ndilo likuchagulie. Kisha tulia.

Straipa juu ya mchanga mweupe hubadilika rangi, anakuwa karibu kama mchanga wenyewe. Kivuli chake hakibadiliki. Mara nyingi nikimwonyesha mtu, huona kwanza doa la kijivu linalosogea dhidi ya mkondo, na majani ya bahari hayasogei dhidi ya mkondo. Baadaye ndipo unaona mkia, kisha mlia mmoja, kisha mara moja kichwa kizima. Siku za mawingu tafuta maji yanayotetemeka pasipo na upepo, kama mtu anayapuliza kwa chini. Na maji yakiwa machache mno, unaona ncha ya mkia iko nje: ameinamisha kichwa, anachimbua kaa.

Usitembee hovyo. Mguu uburute taratibu. Samaki anasikia mchanga ukigongwa kabla hujamwona.

Nimemwona. Nifanyeje?

Mtupie mbele yake, si juu yake. Mita mbili au tatu mbele, na nzi awe ameshazama samaki anapofika. Halafu mvute nzi amkimbie. Kosa ninaloliona kila juma ni mtu kutupa ng'ambo ya samaki na kumvuta nzi aje kumkabili. Hakuna kisamaki kinachomshambulia anayekila. Straipa akiona hivyo hugeuka na kutoweka. Ukiwa na kaa, mwache atue chini, msogeze kidogo, mwache tena.

Ananifuata, anapiga, namkosa. Kwa nini?

Unainua ufito. Mkono umezoea hivyo. Straipa akimeza, acha ufito ukiwa chini umeelekea kwake, na uvute mshipi kwa mkono wa kushoto mpaka uhisi uzito. Ukiinua ufito unamnyang'anya. Na ukimkosa kwa kuvuta mshipi, nzi amesogea hatua moja tu na bado yuko mbele ya mdomo wake; mara nyingi anarudi.

Naruhusiwa kumla?

Kanuni ya sasa Massachusetts, kama majimbo mengi ya Atlantiki tangu mwaka 2023: mmoja kwa siku, urefu wake uwe inchi 28 au zaidi lakini chini ya 31, toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Mkubwa zaidi anarudi, mdogo anarudi. Kanuni hizi hubadilika, zisome kila mwaka kabla ya kutoka. Nyama yake ni nyeupe na ngumu kiasi, inastahimili mchuzi wa nazi vizuri sana. Wajawazito na watoto wadogo wajihadhari naye, kwa sababu ya zebaki na kemikali za viwanda zinazojikusanya mwilini mwake.

Mimi tangu miaka minne iliyopita simchukui hata mmoja. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

Ni kweli wamepungua? Mbona nawaona wengi?

Unawaona wengi kwa sababu waliopo hukusanyika panapo chakula. Samaki huyu amelindwa tangu zamani: mwaka 1639 koloni ya Massachusetts Bay ilikataza kumtumia kama mbolea ya mashamba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaporomoka kwa kuvuliwa kupita kiasi. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumlinda mwaka 1984, jimbo la Maryland, lililo kwenye ghuba ya Chesapeake, likafunga uvuvi wake kabisa toka mwaka 1985 kwa miaka mitano, na mwaka 1995 akatangazwa kuwa amerudi. Watu walivumilia, na samaki akarudi. Hilo hunipa moyo kila nikisimama pale.

Mwaka 2019 tathmini ilionyesha amevuliwa kupita kiasi tena. Na kinachoniuma zaidi ni watoto. Maryland hukokota nyavu kila mwaka kuhesabu samaki wachanga wa Chesapeake, kazi waliyoianza miaka ya 1950. Wastani wa muda mrefu ni kama 11 kwa kila mkokoto. Mwaka 2023 walipata 1.0, na 2024 wakapata 2.0. Wale ambao hawakuzaliwa miaka hiyo hatutawaona kwenye mafungu miaka sita au saba ijayo. Kwa hiyo jike la inchi 35 linaloruka mbele yako ni mama mwenye mayai ya kuijaza mito tena.

Namwachiaje ili aishi?

Hesabu ya wataalamu ni kwamba katika kila 100 wanaoachiwa, 9 hufa. Wewe unaweza kuipunguza hesabu hiyo. Bapaza kimiba cha ndoana kwa koleo kabla ya kutupa. Mlete haraka, usimchoshe. Asitoke majini: lowesha mkono, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, hana meno ya kukata ila miiba ya mgongoni na ukingo wa shavu ni mikali. Toa ndoana akiwa ndani ya maji. Mwelekeze kichwa mkondo unakotoka, usimsukume mbele na nyuma, na umshike mpaka akibane kidole chako na kuondoka mwenyewe. Utamhisi. Maji yakipita nyuzi 21 za joto, acha kuvua mchana.

Hatari zake ni zipi?

Ukungu kwanza. Mwaka wangu wa tatu, Juni, nilikuwa Brewster mbali kabisa ukingoni, nikamfuata samaki mmoja nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilipoinua macho nchi ilikuwa haipo. Maji yalikuwa yamekwisha kuanza kujaa, na kwenye mafungu maji hayaji kwa mbele tu: yanaingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako. Nilitembea nikifuata mikunjo ya mchanga, kwa kuwa nilipokwenda nilikuwa nimeikata kwa mshazari, nikavuka mfereji uliofika kifuani. Tangu siku ile nina dira shingoni, na ninaweka kengele ya simu ilie saa moja baada ya maji kuanza kujaa. Ikilia naanza kurudi nyuma kuelekea nchi kavu, hata kama samaki wapo.

Papa weupe wapo Cape Cod toka kiangazi hadi vuli, kwa ajili ya sili. Mwaka 2018 mtu mmoja aliuawa Wellfleet. Ukiona sili, ondoka hapo; usipite maji ya kiunoni; Chatham na Monomoy uwe mwangalifu zaidi.

Asiyejua kuogelea asije peke yake. Sisemi abaki nyumbani, lakini avae jaketi la kuokolea na awe na mwenyeji.

Naweza kuja na watoto?

Waje, maji yakiwa yamekupwa, na waanze na kuangalia. Mwezi wa Mei na Juni watakuta kaa wa kale mwenye gamba kama kofia ya chuma na mkia mrefu kama msumari, anapanda kutaga siku za bamvua. Haumi wala hachomi. Ukimkuta amelala chali, mgeuze kwa kumshika ubavu wa gamba, usimvute mkia.

Nikienda nyumbani, niuchukue ufito?

Uchukue, namba 9. Utakutana na kolekole, na huyo ana nguvu kuliko straipa wa urefu wake. Weka nailoni nene zaidi, ya ratili 30 au zaidi, kwa sababu ya matumbawe, na vaa viatu vya soli ngumu kwa ajili ya urumba. Uliza kwanza kama mahali unapotaka kuvua ni hifadhi, na mpige hodi mzee wa wavuvi wa kijiji kabla hujashuka pwani. Atakwambia mfereji upi una samaki, na maji yanageuka saa ngapi.